Kulipwa kwa kulala: usimpe huyo wakala hela

Mdogo wangu wa Nkuhungu, Dodoma, unauliza kama kazi ya kulipwa kwa kulala ipo kweli, maana kuna wakala anataka laki tatu ya fomu. Ipo. Mwaka 2019 kituo cha utafiti wa anga za juu cha DLR mjini Köln, Ujerumani, kiliwalaza watu siku 60 kwa euro 16,500 kila mmoja. Ila si usingizi huo! Kitanda kinainamishwa nyuzi 6, kichwa chini. Damu inajaa usoni, pua inaziba, na kula, kuoga, hata haja, vyote umelala. Misuli na mifupa inadhoofika kama ya mwanaanga. Tena walitaka wanaojua Kijerumani, sijui wewe. Wao ndio wanaolipa, hawakutozi fomu. Hiyo laki tatu bora ununue zabibu ukauze.