Wadogo zangu mnaokuja kujitolea mafuriko ya Tanga

Masika haya nimewaona tena: mnashuka kwenye gari Korogwe, glavu mkononi, swali la kwanza ni kanula, zile sindano za kuingizia dripu mshipani, ziko wapi. Moyo huo naupenda sana, na ndio huo huo unaonitia hofu. Tusikilizane.

1. Jua likiwaka Korogwe msidhani yamekwisha. Mvua ya Lushoto hushuka na mito hadi tambarare za Mombo, mkashtukia barabara imekatika nyuma yenu. Bebeni dawa za kuwatosha mkilazimika kulala huko.

2. Anayeweza kunywa, anywe. Mwaka mmoja kambi yetu ilikuwa shule ya msingi, na kipindupindu kikaingia. Kila aliyelala tulimtundikia dripu ya Ringer, maji ya chumvi ya mshipani. Ndugu wanaona dripu ndiyo matibabu, na sisi tulitaka kuonekana tunatibu. Mimi ndiye niliyeongoza zamu. Niliona chupa zinapungua, nikanyamaza. Wengi walikuwa watu wa Mpango B, yaani waliopungukiwa maji kiasi, si sana: macho yameingia, wanakunywa kwa pupa. ORS, yaani maji ya chumvi na sukari ya kunywa, na mtu wa kukaa nao vingetosha. Jioni baba akaleta mtoto wa miaka miwili, mapigo ya mkono hayashikiki, ngozi ya tumbo ukiifinya hairudi. Huyo alihitaji dripu, mililita 30 kwa kila kilo ya uzito ndani ya nusu saa, kisha 70 kwa saa mbili na nusu. Boksi lilikuwa tupu. Tukapitisha mpira wa pua, ORS mililita 20 kwa kilo kila saa. Anatapika, tunapunguza mwendo, tunaanza tena. Pikipiki iliyofuata dripu ilikwama ng'ambo ya maji. Tulimpoteza kabla ya alfajiri, na chupa zilizomfaa zilikuwa zinaning'inia juu ya watu wazima wanaopiga soga.

Kwa hiyo nikikuuliza, "Umemfinya ngozi? Umempa kikombe akashindwa?", usinune.

3. Zinki kwa watoto wanaohara, siku 10.

4. Klorini: asilimia 0.05 mikono, 0.5 sakafu, 2 matapishi na kinyesi. Andikeni kwenye ndoo kwa maka peni. Kichwa kilichokesha hakikumbuki.

5. Ulizeni dawa zilizosombwa. Mtu wa sukari, wa kifafa, wa CTC (kliniki ya dawa za VVU), hapangi foleni ya kuhara. Bibi mmoja alikaa pembeni tangu asubuhi, anaamkiwa na kila mtu, hapimwi na yeyote. "Mie si mgonjwa, mwanangu. Vidonge tu ndivyo vimekwenda na maji." Presha yake ilikuwa 210 kwa 120. Na wa CTC msimwite kwa sauti mbele za watu, tafadhali.

6. Mkifika kitongojini, kwanza mwenyekiti na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Wao wanajua nani hajatoka ndani tangu jana, ninyi hamjui.

Zamu ya usiku kesho inahitaji watu wa meza ya ORS. Anayekuja aje ameshakula.