Kabla hujaapgredi klasta, ingia ndani ukague vyeti

Mkuu, umeuliza ukague wapi vyeti vya HTTPS vilivyopitwa na wakati kabla ya kupandisha Kubernetes (mfumo wa kuendesha programu kwenye klasta, yaani kundi la seva) toka 1.23 kwenda 1.24 (ni ya zamani ndio, ila lazima mpite hapo, matoleo hayarukwi). Usiishie kwenye kile cheti unachokiona kwenye brauza. Hatari iko ndani, kwenye webhuku (huduma ambazo Kubernetes huziuliza kabla ya kukubali ombi) na seva mlizojitengenezea vyeti wenyewe miaka ile mkavisahau.

1.24 imejengwa kwa Go 1.18 (lugha ya programu), na hiyo kwa kawaida inakataa cheti kilichosainiwa kwa SHA-1 (njia ya zamani ya kusaini, si salama tena) hata kama tarehe yake bado iko mbali, ukitoa kile cha mzizi, na chenye jina kwenye Common Name (sehemu ya zamani ya jina la seva) tu bila SAN (Subject Alternative Name, orodha ya majina ya seva) ndo hakipiti kabisa. Mimi yalinikuta, kazini tuliangalia tarehe tu tukaapgredi Ijumaa usiku, podi (vifurushi vya programu ndani ya klasta) mpya zikagoma kuwaka mpaka alfajiri, kumbe webhuku moja tu ina cheti cha SHA-1!

Kwa hiyo kila anwani, zile za ndani ukiwa ndani ya podi, piga:

echo | openssl s_client -connect anwani:443 -servername anwani | openssl x509 -noout -text

Soma Not After, Signature Algorithm na Subject Alternative Name, ukiona sha1WithRSAEncryption au hiyo SAN haipo, tengeneza kipya kwanza na caBundle ya webhuku (cheti ambacho Kubernetes hutumia kuiamini webhuku) uibadilishe pia, wengi husahau hapo. Kama mnatumia kubeadm (zana ya kusimika klasta), ongeza amri ya kubeadm certs check-expiration, vile vya kawaida hudumu mwaka 1 tu. Na kwenye lodi balansa (kigawa maombi kwa seva), cheti mlichokipakia kwa mkono hakijihuishi chenyewe.