Jibu: Altezza au Impreza WRX kwa milima ya Mwanza?
Ndugu, umeuliza ununue gari gani, Toyota Altezza ya otomatiki au Subaru Impreza WRX ya gia za mkono, nawe unaishi mlimani Bugando. Mimi ningechukua Impreza, kwa kuwa nguvu ya injini hufika magurudumu yote manne, ilhali ya Altezza huishia nyuma, na changarawe ikilowa mkia huteleza upesi.

Hata hivyo, kagua kwanza matairi: yakitofautiana ukubwa au kulika, difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, huchakaa, na kuitengeneza ni ghali. Kisha ipandishe mlima kwa gia ya nne huku ukikanyaga mafuta. Injini ikivuma bila mwendo kuongezeka, klachi imekwisha, na muuzaji apunguze bei. Kwa Altezza, oili ya giaboksi ikinuka kuungua, achana nayo.