Ukiwafundisha bodaboda kuzuia damu, waache washike gozi wenyewe

Nesi wa kituo cha afya kilichopo kando ya barabara kuu ameniandikia kwa uchungu. Kijiwe cha jirani kilipewa semina ya huduma ya kwanza, vijana wakapata fulana na vyeti. Miezi michache baadaye wakamletea majeruhi wa paja aliyefungwa kamba ya katani juu ya suruali, damu ikichuruzika njia nzima. Anauliza, "Kaka, hawa watu wanafundishika kweli?"

Wanafundishika sana, dada yangu. Kinachouma ni kwamba ushahidi tunao na bado tunawawekea projekta. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Marekani kwa wafanyakazi 465 wa uwanja wa Gillette, watu wasio wahudumu wa afya. Waliofundishwa ana kwa ana na kushika vifaa, karibu 88 katika kila 100 walifunga turniketi, yaani mkanda wa kukaza mkono au mguu ili damu isitoke, sawasawa. Waliopewa kadi ya maelezo tu hawakufika 20. Lakini hao waliofundishwa vizuri walipopimwa tena baada ya miezi 3 hadi 9, walioweza walikuwa kama 55. Semina moja, hata iwe nzuri namna gani, inasahaulika. Nusu saa kijiweni kila baada ya miezi mitatu ina faida kuliko siku nzima hotelini mara moja kwa mwaka.

Anza na kukandamiza. Chukua kipande cha sponji la godoro, ukipasue kina cha sentimita 5, upitishe mpira wa dripu kwa chini hadi utokeze ndani ya mpasuko. Upande wa pili funga chupa ya maji yenye rangi nyekundu, mwenzako aiminye. Sasa mpe kijana gozi, yaani shashi ya kufungia vidonda, au kitambaa safi cha khanga. Wengi hurundika kitambaa juu na maji yanaendelea kutoka pembeni. Mwelekeze asukume kwa kidole mpaka kwenye tundu lenyewe, ajaze mpasuko wote, kisha anyooshe mikono na kulalia kwa uzito wa mwili dakika 10 bila kuchungulia. Kuchungulia ndiko kunakoharibu, maana donge lililoanza kuganda linang'oka. Gozi likilowa, aongeze jingine juu na kukandamiza zaidi. Damu ikiendelea, kosa liko kwenye mahali anapobana: afungue mara moja tu, atafute inapotokea, ajaze upya. Kama hana glovu, mfuko wa nailoni wa mkate unatosha kukinga mikono.

Turniketi ni ya mkono au mguu, pale damu inaporuka au kukandamiza kumeshindikana. Shingoni na kwenye kiwiliwili haifungwi. Isiyo ya kiwandani hutengenezwa hivi: khanga ikunjwe iwe mkanda wa upana wa sentimita 5, izungushwe mara mbili kiasi cha sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, mbali na goti au kiwiko, ikazwe kwanza kwa mkono na kupigwa fundo moja. Spana ilazwe juu ya fundo, ifungwe fundo la pili, halafu izungushwe mpaka damu ikate, kisha spana ifungwe isirudi nyuma. Kalamu inavunjika. Kamba nyembamba na waya hukata nyama bila kuufikia mshipa wa ndani. Kubaya zaidi ni kukaza nusunusu: mishipa inayorudisha damu moyoni inazibwa, inayoipeleka mguuni inabaki wazi, na jeraha linamwaga kuliko mwanzo. Majeruhi atalia kwa maumivu. Waambie mapema, ili wasimlegezee kwa huruma njiani.

Kisha saa. Hapa ndipo ningekuwa mkali kuliko kote. Kijana akiandika "saa 4" kwenye paji la uso, daktari wa zamu atasoma asubuhi, alasiri au usiku? Aandike kama simu inavyoonyesha, 16:20, na aandike mbili: saa ya ajali na saa ya kufunga. Turniketi ikikaa zaidi ya muda wa saa mbili hatari kwa mguu inapanda. Na saa ya ajali ndiyo inayoamua dawa.

Dawa yenyewe, utakayompa wewe kituoni, ni asidi ya traneksamiki, inayosaidia donge la damu lisiyeyuke. Utafiti wa CRASH-2 wa mwaka 2010, wenye majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 16.0 hadi 14.5. Uchambuzi wa mwaka uliofuata ukafafanua kwamba faida ni kubwa zaidi ndani ya saa ya kwanza tangu kuumia, ipo mpaka ya tatu, na ikitolewa baada ya hapo vifo vya kutokwa damu huongezeka. Kwa mtu mzima ni gramu 1, kwa kawaida ampuli mbili za miligramu 500, ndani ya mililita 100 za maji ya chumvi, iingie polepole kwa dakika 10. Ukiisukuma haraka presha inaanguka. Gramu ya pili huingia kwa muda wa saa 8, kwa hiyo dripu hiyo iandikiwe muda ilipoanza kabla gari la rufaa halijaondoka. PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, ishughulikiwe na ndugu au wenzake wa kijiwe wakati wewe unaweka kanyula.