Su-30 au droni: kabla ya bei, uliza antena itasimama wapi

Mwenzetu ameuliza hivi: Su-30 zetu sita, ndege vita za Urusi, zinazeeka, je, Uganda inunue ndege vita nyingine au droni zenye silaha, na kwa nini mauzo ya vitu hivi huchukua miaka? Majibu mengi aliyopata yamelinganisha kasi na bei tu. Kasi haimsaidii mtu anayemtafuta muasi chini ya miti ya Ituri, mashariki mwa Kongo.

Su-30MK2, tulizopokea 2011 hadi 2012 katika mkataba uliotajwa kuwa karibu dola milioni 740 pamoja na vifaa vingine, hubeba tani 8 za silaha na kilo 9,400 hivi za mafuta ndani, yaani karibu lita 12,000 za mafuta ya ndege. Bayraktar TB2, droni ya Uturuki, nzima ikiwa imejazwa, ina kilo 700. Mzigo wake ni kilo 150, tangi ni lita 300 hivi za petroli, na hukaa angani hadi saa 27. Ndege vita hufika, hupiga na kuondoka, lakini droni hungoja. Kwa kikundi cha watu kumi wanaohama usiku, kungoja ndiyo kazi yenyewe, na kombora la MAM-L la kilo 22 linatosha.

Lakini asikudanganye mtu kwamba droni itachukua nafasi ya Su-30 kulinda anga. TB2 husafiri kwa kilomita 130 hivi kwa saa. Hata Caravan, ndege ndogo ya propela inayopeleka watalii Kidepo inaipita.

Sasa tuje kwenye antena, maana hapa ndipo wanunuzi wengi hukwama. TB2 ya kawaida huongozwa kwa redio inayohitaji njia wazi kati ya antena na ndege. Kadirio la haraka: chukua kimo cha droni juu ya ardhi kwa mita, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 4.12, utapata kilomita. Mita 4,400 hukupa kama kilomita 270. Kutoka Entebbe hadi Beni, mji ulio mashariki mwa Kongo, ni zaidi ya kilomita 320, kwa hiyo Entebbe haifai. Basi mtu husema tuweke Kasese, ni karibu. Kasese iko chini ya Rwenzori, na kilele chake, Margherita, kina mita 5,109. Ukipiga mstari kwenda Beni unagonga mlima: kilele kiko nyuzi 7 hivi juu ya upeo wa macho, wakati droni iliyo juu ya Beni kwa futi 18,000 iko chini ya nyuzi 4. Mawasiliano yatakatika na ndege itarudi yenyewe nyumbani, ikiwa iliwekewa njia ya kurudi isiyopita kwenye mlima huohuo. Antena iende Bundibugyo, upande wa magharibi wa mlima, inakotazama bonde la Semliki bila kizuizi. Aina zinazoongozwa kwa setilaiti hazina shida hii, ila utalipia setilaiti ya wenyewe muda wote.

Halafu mawingu. Leza ya kuongoza kombora haipenyi wingu, kwa hiyo msimu wa mvua droni hulazimika kushuka chini ya wingu, mahali inaposikika na kupigwa. Ikibaki juu, hapa kwetu baridi ya kugandisha huanza karibu futi 16,000, na barafu kwenye bawa jembamba huiangusha ndege nyepesi haraka.

Viwanja navyo vina mambo yake. Su-30 ina nyavu za chuma zinazofunika midomo ya injini wakati wa kuruka ili mawe yasiingie. TB2 ina propela nyuma, kwa hiyo kokoto inayorushwa na magurudumu kwenye murram huelekea moja kwa moja kwenye propela. Fagia, au weka lami.

Kuhusu mauzo: mnunuzi husaini cheti cha mtumiaji wa mwisho, akiahidi kutouza wala kukopesha bila idhini. Nchi ya kiwanda hutoa leseni yake. Kinachosahaulika ni leseni za nchi zenye vipuri ndani ya ndege. Ndege vita ya Gripen ni ya Sweden, lakini injini ni teknolojia ya Marekani, kwa hiyo Washington ina kauli. Ndege vita ya JF-17 ya China na Pakistan huruka kwa injini ya Urusi. Mwaka 2020 Kanada ilisimamisha mauzo ya kamera zake za Wescam zilizokuwa kwenye TB2, na 2021 ikafuta leseni kabisa. Waturuki wakahamia kamera ya Aselsan, kampuni ya kwao. Na anayerudi Moscow akumbuke sheria ya Marekani ya 2017 inayoruhusu vikwazo kwa wanunuzi wakubwa wa silaha za Urusi. Hata benki ya kupitishia malipo inaweza kukataa.

Kwa droni kuna pia mpango wa 1987 wa kudhibiti teknolojia ya makombora, unaobana zaidi chochote kinachobeba kilo 500 kwa kilomita 300. Droni ya Wing Loong II ya China hutajwa kubeba kilo 480. China si mwanachama, lakini namba hiyo, chini kidogo tu ya 500, inachekesha.

Ningekuwa mezani, Su-30 zingebaki kwa ulinzi wa anga, fedha za vipuri zikitengwa kwanza, na ningenunua mfumo mmoja wa droni: ndege sita, vituo viwili vya kuongozea, antena tatu. Kamera za akiba ziandikwe ndani ya mkataba, si kwenye barua ya ahadi. Na majaribio ya kupokea yasiishie kiwandani kwenye baridi. Entebbe iko futi 3,782, na joto likifika nyuzi 30 hewa huwa nyembamba na bawa huhisi kama liko futi 6,500. Muuzaji aje Soroti, Februari, saa nane mchana, aipandishe ikiwa na mzigo kamili, ndipo malipo ya mwisho yatoke.