Mafuta ya nazi yanapandisha kolesteroli?

Ndiyo, yanapandisha, hata kama chupa imeandikwa "hayana kolesteroli". Maandishi hayo ni ya kweli ila yanapotosha: kolesteroli nyingi ya kwenye damu hutengenezwa na ini, na kinacholichochea ni mafuta yaliyoshiba, yale yanayoganda kukiwa na baridi. Ya nazi yana zaidi ya asilimia 80 ya hayo, yanaipita hata siagi! Mawese ni karibu nusu. Alizeti na soya hayafiki asilimia 20. Mwaka 2017 Chama cha Moyo cha Marekani kilishauri watu wasiyategemee ya nazi, watumie yasiyoganda. Kijiko cha ladha mara mojamoja hakina neno, lakini kukaangia kila siku, hapana.