Uliza Fundi: Nataka kuanza na Arduino, nianzie wapi?

Swali: Kaka habari za kazi. Mi ni fundi simu hapa Mwanjelwa, kulehemu najua na mita ninayo ila programu sijawahi kuandika hata mstari mmoja. Mama yuko Uyole anafuga kuku, sasa baridi ya mwezi wa sita na wa saba unaijua, vifaranga wanamfia usiku, natamani nimtengenezee kitu kinachopima joto la banda na kuwasha taa chenyewe. Ninunue bodi gani? Laptopu yangu ya zamani, RAM giga 2, itaweza? Ndaga fijo kaka.
— Fundi simu, Mbeya

Jibu: Mdogo wangu, ukishajua kulehemu na kushika mita umewaacha wengi mbali. Chukua Arduino Uno R3, yaani bodi ndogo unayoiandikia programu kwenye kompyuta kisha inasoma sensa na kuwasha vitu yenyewe, au kopi yake ya Kichina, haina shida, mchoro wa ile bodi uko wazi mtu yeyote anaruhusiwa kuitengeneza. Chipu yake ni ATmega328P, sehemu ya kuhifadhi programu ni KB 32 na RAM ni KB 2, ndio, KB, kwa simu unazofungua kila siku utacheka lakini kwa kupima joto inatosha na chenji inabaki. Laptopu yako itaweza, ila weka ile programu ya Arduino toleo la 1.8, ni jepesi kuliko la 2, na ni bure.

Kopi nyingi zinatumia chipu ya CH340 kwenye USB kwa hiyo usipoiona bodi kwenye kompyuta weka draiva yake kwanza, ile programu ndogo inayoifanya kompyuta itambue chipu hiyo. Ila kabla ya draiva kagua waya! Zile waya za kuchajia tu ndani zina nyaya mbili badala ya nne, taa ya bodi itawaka vizuri tu na programu haitapanda milele, we piga mita kwenye nyaya za data utajua.

Anza na mfano unaoitwa Blink, uwashe na kuzima taa ndogo iliyo kwenye bodi yenyewe. Badilisha ile 1000 iwe 200 uone inavyopepesa haraka, hizo ni milisekunde. Kozi utasoma huku unachezea, usisubiri umalize.

Halafu tafuta sensa ya joto ya DS18B20, ile yenye mfuniko wa chuma usioingiza maji. Weka rezista ya kilo-omu 4.7 kati ya waya wa data na 5V, ukiisahau unaweza kusomewa nyuzi -127, na hiyo sio baridi ya Uyole. Sensa ikae usawa wa migongo ya vifaranga, sio juu darini. Wiki ya kwanza wanataka kama nyuzi 32 mpaka 35, sasa iambie programu iwashe ikishuka chini ya 32 na izime ikifika 34, ukiweka namba moja tu kwa vyote viwili rilei, yaani swichi ya umeme itakayowasha taa kwa amri ya bodi, itakuwa tik tik tik usiku kucha mpaka ife.

Rilei usiiunge moja kwa moja kwenye pini, pini moja ni ya kama miliampia 20 tu na koili ya rilei inakula zaidi, nunua moduli yenye transista tayari. Na mpaka hapo fanya majaribio na taa ya LED mezani kwako. Ule upande wa volti 230 muite fundi umeme, mazingira ya maranda makavu na balbu ya moto sio ya kujifunzia.

Umeme ukikatika programu haifutiki, ukirudi bodi inaendelea yenyewe, ila taa nayo imezimika, kwa hiyo mama asitupe jiko lake, aliwashe tu banda likiwa na pa kutolea moshi.

Swali: Naweza kujifunza kabla sijanunua bodi? — Mwanafunzi, Njombe

Jibu: Unaweza. Ingia Wokwi au Tinkercad kwenye intaneti, unaunga nyaya kwenye skrini na programu inatembea kama kweli. Tofauti ni kwamba huko huunguzi kitu, kwa hiyo bodi halisi ukiipata uwe makini, hasa ukinunua ESP32, bodi nyingine ya aina hii, pini zake ni za volti 3.3, usizipe 5.